Sura ya Tano: Maziwa, Shanga na Kisanduku cha Kufuli Tatu

Mwanamke wa Kimasai, Kisamburu au Kiborana huamka kabla ya jua. Hukamua, huchota maji, hutafuta kuni, huikandika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kisha hushona shanga ambazo watalii huvuka bahari kuja kuzinunua. Mbona basi wengi wao hawana hata mbuzi mmoja wa kuuza bila kuomba ruhusa? Swali hili huulizwa na maofisa maendeleo ya jamii, huulizwa na wafadhili, na zaidi ya wote huulizwa na wanawake wenyewe kwenye vikao vya vikundi vyao. Jibu linalotolewa upesi ni mtaji: wakopeshwe, wafundishwe ujasiriamali, mengine yatakuja yenyewe.

Mtaji ni kweli hawana. Lakini pesa ikiingia mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa kumiliki kitu, haikai. Sura hii inaeleza biashara za wanawake wa jamii za wafugaji nchini Kenya na Tanzania, pale zinapowainua na pale zinapokwama. Neno ujasiriamali humu lina maana ya kawaida: kuona nafasi ya kupata faida, kuweka mali au jasho hapo, na kukubali kwamba hasara nayo inaweza kuja. Mwenye kibanda cha chai ni mjasiriamali sawa na mwenye kiwanda.

Soko si geni kwao

Wengi hudhani kwamba biashara ni kitu kipya kwa wafugaji, kilicholetwa na semina na mabango ya miradi. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19 Wamasai na Wakikuyu walivamiana na kuporana ng'ombe mara kwa mara, lakini biashara kati yao haikukatika, kwa sababu iliendeshwa na wanawake. Misafara ya wanawake ilivuka mpaka hata vita vilipokuwa vimepamba moto, na wapiganaji wa pande zote waliiacha ipite. Aliyeongoza msafara alikuwa mtu mwenye ndugu huku na huku, anayezijua lugha zote mbili. Nafaka, tumbaku na vibuyu vilikwenda upande mmoja. Ngozi na mifugo ikarudi upande wa pili. Mwaka wa njaa, msafara huo ndio ulioamua nani atakula.

Serikali za kikoloni zilipofika zilimtafuta mtu wa kumtoza kodi, zikamwandika mwanamume kuwa mkuu wa kaya na mwenye mifugo. Minada ikaanzishwa kwa ajili yake, chanjo na majosho yakaelekezwa kwake. Haki ambazo awali ziligawanyika ndani ya boma, huyu ana hili na yule ana lile, zikabanwa kwenye jina moja. Tawala za baada ya uhuru ziliurithi utaratibu huo bila kuuhoji sana.

Mali ya nani?

Boma la Kimasai lina utaratibu wake wa umiliki, na asiyeujua atapanga mradi utakaoanguka. Mwanamke anapoolewa hutengewa ng'ombe wa kukamua. Ng'ombe hao huitwa wake, nao ndio watakaorithiwa na wanawe wa kiume. Lakini kuitwa wake hakumpi ruhusa ya kumpeleka mmoja mnadani. Anayeamua kuuza, kuchinja au kutoa mahari ni mume. Haki za mke na za mume zimekaa juu ya mnyama mmoja.

Kwa kawaida mgawanyo uko hivi:

- Maziwa ni ya mwanamke. Yeye huamua ndama abakishiwe kiasi gani, watoto wanywe nini, mgeni apewe nini, na ziada iende wapi.
- Ngozi za wanyama wanaochinjwa nyumbani, kwa desturi, huangukia upande wake.
- Shanga na mapambo ni yake, na pesa ya shanga aghalabu haiulizwi.
- Mbuzi na kondoo wako katikati: nyumba nyingine mke ana wake kabisa, nyingine hana.
- Ng'ombe na ardhi viko mikononi mwa wanaume.

Orodha hii yenyewe inaeleza kwa nini biashara za wanawake wa Kimasai zimejikita kwenye maziwa na shanga. Wengine huona ni uzembe wa fikra, kwamba kila kikundi kinaiga kilichotangulia. Ukweli ni kwamba mwanamke huanzia pale ambapo hakuna atakayemnyang'anya faida. Hiyo ni akili ya biashara, tena nzuri.

Maziwa: kutoka kibuyu hadi basi la Nairobi

Kabla ya kutia maziwa, kibuyu husafishwa kwa moto. Mwanamke huchukua kijiti cha mzeituni mwitu kilichoshika moto, hukiingiza ndani ya kibuyu na kukisugua kwenye kuta zake za ndani mpaka zishike masizi laini, kisha huyapangusa mabaki ya mkaa. Moshi huua vijidudu vingi vinavyochachusha maziwa ovyo, na huyapa ladha ambayo mlaji wa mjini aliyekulia bomani huitambua mara tu anapoyaonja. Maarifa hayo hayakutoka kiwandani, na ndiyo yanayomwezesha muuzaji kufikisha maziwa sokoni bila jokofu.

Mfano mkubwa zaidi wa biashara hii hauko Umasaini bali Isiolo, kaskazini mwa Kenya, na bidhaa yenyewe ni maziwa ya ngamia. Wanawake wa Kisomali na Kiborana huyakusanya kwa wafugaji walio mbali na mji. Madumu yaliyofukizwa moshi huletwa kwa pikipiki na pikapu, hukaguliwa kwa kunusa na kuonja, huchanganywa, hupozwa pale penye mtambo, kisha hupakiwa kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya takriban kilomita 270. Huko wanapokea wanawake wengine wanaouza kwa vikombe na kwa lita. Siku inayofuata madumu matupu hurudi kwa basi, na malipo hurudi kwa simu. Ushirika wa wanawake wa Anolei, ulio mjini Isiolo, ni mmojawapo wa vikundi vilivyojijengea jina katika mnyororo huu.

Mnyororo unakwenda kwa kuaminiana. Mfugaji hutoa maziwa leo na kulipwa yakishauzwa. Mkusanyaji humjua mama wa mfugaji. Muuzaji wa Eastleigh ni binamu wa mtu fulani. Hakuna mkataba ulioandikwa. Tatizo hujitokeza dumu moja linapochacha njiani, kwa maana hasara hiyo hurudi nyuma hatua kwa hatua, na mara nyingi humwangukia aliye mbali zaidi na soko. Ndiyo maana mtambo wa kupozea huwa na maana kubwa kuliko semina kumi. Ukiwekwa, ugomvi mwingi huisha wenyewe.

Ngamia ana faida moja ambayo ng'ombe hana: huendelea kutoa maziwa katikati ya ukame. Kwa ng'ombe, msimu wa mvua huleta maziwa mengi na bei ya chini. Kiangazi huleta bei nzuri na vibuyu vitupu. Muuzaji asiye na njia ya kuhifadhi hubanwa kotekote. Baadhi ya vikundi hujibu kwa kugandisha mtindi au kutengeneza samli, bidhaa inayokaa na inayosafiri.

Pesa ikikua, wenyewe hubadilika

Mara nyingi maziwa yakiwa lita mbili za kuuza kando ya barabara, mume hajishughulishi. Kituo cha kukusanyia kikifunguliwa, malipo yakawa ya mwisho wa mwezi na yakaingia kwenye akaunti, swali la akaunti ya nani linaanza. Fomu huandikwa jina la mwenye ng'ombe. Mwanamke aliyekuwa akipokea vijisenti kila siku hujikuta anakamua kwa ajili ya pesa asiyoiona. Kwa hesabu za mradi mapato ya kaya yamepanda. Chakula cha watoto huenda kimeshuka.

Suluhisho liko kwenye mambo madogo ya utaratibu: kituo kumsajili anayeleta maziwa badala ya mwenye mnyama, na malipo kwenda kwenye namba ya simu ya mkamuaji. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imelirahisisha hilo, mradi laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake na simu yenyewe aishike yeye.

Kwa ufupi: biashara ya maziwa huanza na haki ambayo mila tayari inampa mwanamke. Inapopanuka, haki hiyo inahitaji kuandikwa mahali, la sivyo hupotea bila mtu yeyote kutangaza kwamba imechukuliwa.

Shanga na hesabu ya muda

Shanga za kioo hazikutengenezwa Umasaini. Zilifika kwa biashara ya pwani katika karne ya 19 kutoka viwanda vya Venice na Bohemia, na hadi leo zile nzuri hutoka Jamhuri ya Czech, huku za bei nafuu zikitoka China. Ustadi wa kuzipanga ndio wa wenyeji. Mshonaji hafanyi kazi bila mpangilio: rangi zina mahali pake, na jicho lililozoea hutambua mkufu umetoka eneo gani.

Biashara ya shanga ina ugonjwa mmoja, nao ni kutohesabu muda. Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke ananunua shanga, waya na uzi wa shilingi 3,000 za Tanzania, anashona bangili pana kwa siku mbili, na kuiuza kwa mchuuzi shilingi 7,000. Akiulizwa faida atasema 4,000. Duka la mjini litaiuza bangili hiyo hiyo 25,000. Ile 4,000 ni ujira wa siku mbili, yaani 2,000 kwa siku, na hapo hapajatolewa nauli ya kwenda kununua shanga. Faida yenyewe, ile inayobaki baada ya kila mtu kulipwa jasho lake, iko mjini.

Vikundi vinavyofanikiwa hufanya mambo mawili. Hununua shanga kwa jumla, kwa pamoja, ili bei ishuke na safari zipungue. Kisha hujisogeza karibu na mnunuzi wa mwisho: hukodi meza kwenye masoko kama lile la Maasai Market la Nairobi, huingia mkataba na hoteli, au huuza kwa oda. Jambo la pili ni gumu. Mnunuzi wa oda hutaka bangili 200 zinazofanana kwa kipimo, zikamilike tarehe fulani, na mshonaji aliyezoea kushona anavyojisikia huona hiyo ni dharau kwa kazi yake. Ana haki ya kuona hivyo. Lakini oda ndiyo inayolipa ada ya shule.

Kijiji cha Umoja, karibu na Archer's Post katika kaunti ya Samburu, kinaonyesha shanga zinaweza kufika wapi. Kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake waliokimbia ukatili, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Wanaume hawaishi humo kama wakuu wa kaya. Wanawake waliuza shanga kwa watalii, wakaanzisha kambi ya wageni na shule, na kwa miaka mingi wakadai umiliki wa ardhi wanayoishi. Umoja husimuliwa kama kisa cha wanawake waliowakataa wanaume. Ukitazamwa kwa jicho la uchumi, ni mahali ambapo aliyeshona bangili ndiye aliyeshika pesa yake.

Hata hivyo soko la watalii ni soko la mtu mwingine. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, idadi ilishuka hadi kama laki 6. Meza za shanga kando ya barabara za mbugani zilikaa na vumbi, na wauzaji wa maziwa na mbuzi wakawa ndio wanaowalisha wauzaji wa shanga.

Kisanduku cha kufuli tatu

Benki ziko mbali na boma, na dhamana hakuna. Dhamana ni mali ambayo mkopeshaji huishika ili akosapo kulipwa aiuze, na kwa kawaida hutaka hati ya nyumba au ya ardhi. Kwa hiyo wanawake hujikopesha wenyewe. Tanzania huita kikoba au VICOBA, Kenya huita chama. Mtindo unaofuatwa zaidi leo ulianza Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara mapema miaka ya 2000.

Kikao huwa hivi. Wanawake kati ya 15 na 30 hukaa chini ya mti. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na wanawake watatu wasioishi nyumba moja, wala hakuna anayekaa na sanduku miongoni mwao. Bila wote watatu sanduku halifunguki. Kila mwanachama huitwa kwa namba yake na kununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Hisa ni kiasi kilichokubaliwa, labda shilingi 1,000. Kwa kila hisa hugongewa muhuri kwenye kijitabu chake, na kwa njia hiyo hata asiyejua kusoma huhesabu akiba yake kwa kidole. Pesa inayobaki hutangazwa kwa sauti na kila mtu huikariri, ili kikao kijacho sanduku likifunguliwa pasiwe na ubishi.

Kutoka kwenye akiba hiyo mwanachama hukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa zake, na hurejesha kwa riba ndani ya miezi michache. Riba haiendi kwa tajiri yeyote. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, hugawanywa pamoja na akiba. Upo pia mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuviweka daraja la nne, hivyo vinatakiwa kusajiliwa.

Faida moja ya kikoba haiandikwi kwenye ripoti: ni mahali pa kuficha pesa kwa heshima. Shemeji akija kukopa, mwanamke hujibu kwamba pesa iko kikundini, na jibu hilo halina ubaya. Kasoro yake nayo iko wazi. Wanachama wote ni wa mazingira mamoja. Ukame ukiingia, wote wanataka kukopa na hakuna anayeweza kuweka. Kuna pia mkopo wa jina, ambao mke anachukua, mume anatumia, na deni linabaki kwa mke.

Fedha ya serikali, na ruzuku kwa asiye na kitu

Tanzania huzitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliingizwa kwenye sheria mwaka 2018, ukasitishwa Aprili 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi na marejesho, na kurejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Kenya ina Mfuko wa Wanawake wa Biashara ulioanzishwa mwaka 2007. Kwa mwanamke wa wilaya za Simanjiro au Longido, Tanzania, kikwazo huwa ni karatasi: kitambulisho, cheti cha kikundi, andiko la mradi kwa Kiswahili cha ofisini, na nauli ya kufuatilia mara tatu nne.

Kwa kaya ambayo mifugo yake imekufa, mkopo wa aina yoyote ni hatari. Kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa. Mwenye deni katika mwaka kama huo huuza hata sufuria. Ndiyo sababu shirika la BOMA, lililoanzia Marsabit, hutoa ruzuku, yaani pesa isiyorudishwa. Wanawake watatu watatu hupewa mtaji wa kuanzisha duka dogo la sukari, majani ya chai, unga na maharagwe, hufuatwa na mshauri kwa karibu miaka miwili, kisha huunganishwa na kikundi cha akiba. Watatu ni idadi iliyofikiriwa vizuri: mmoja akijifungua au akihama na mifugo, duka halifungwi.

Kutoka bangili hadi mbuzi, kutoka mbuzi hadi hati

Mwanamke akipata faida hununua mbuzi jike. Ni uamuzi wa busara, kwani mbuzi huzaa mapema, huuzwa upesi, na ukame wa kawaida humwacha hai pale ng'ombe anapoanguka. Pia mbuzi aliyenunuliwa kwa pesa ya shanga ana historia inayojulikana kijijini, hivyo ni vigumu zaidi kudaiwa na mwingine.

Ardhi ni ngumu zaidi. Kenya ilipoanzisha ranchi za vikundi kwa sheria ya mwaka 1968, waliosajiliwa kuwa wanachama kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume wakuu wa kaya. Ranchi hizo zilipoanza kugawanywa viwanja, hasa Kajiado kuanzia miaka ya 1980, wake na wajane wengi hawakupata chochote, na wengine walijua kiwanja kimeuzwa walipoona uzio. Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zimefungua mlango: mwanamke ni mwanachama wa jamii kwa haki yake, na anayeolewa ndani ya jamii hupata uanachama.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na inataka wanawake 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa jina lake, la wanandoa wote wawili, au la kikundi. Shirika la Ujamaa Community Resource Team limetumia njia ya kikundi kulinda malisho ya vijiji vya kaskazini, na Edward Loure wa shirika hilo alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Kwa mfanyabiashara wa maziwa, malisho yaliyolindwa ni sawa na kiwanda kilicholindwa.

Hati hiyo ya kikundi ina mipaka yake. Huzuia malisho kuuzwa kipande kipande, lakini haimpi mwanamke dhamana ya kukopea benki, na haisemi nani ndani ya jamii atasikilizwa mvutano ukitokea. Hilo huamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako akidi huhesabu waliohudhuria. Mkutano ukiitishwa saa za kukamua, waliohudhuria watakuwa wanaume.